Alikuwa Akingoja Hedhi Ndipo Aanze Kapsuli: Uchambuzi wa Kisa cha Tiba ya Homoni Wakati wa Kukoma Hedhi

Mama wa kisa hiki ana miaka 51. Kisa chenyewe kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayokutana mara kwa mara katika tiba ya homoni, kwa hiyo hakuna mtu mmoja nyuma yake. Makosa yaliyomo ni makosa yanayotokea kweli, na dozi zilizotajwa ni dozi zinazotumika.

Alipofika kliniki alikuwa hajaona hedhi kwa miezi 5. Mwaka uliotangulia ilikuwa ikija inavyotaka: baada ya wiki 3, kisha wiki 7, kisha mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mwili ulikuwa ukiwaka moto mara 11 hivi kwa siku, na usiku aliamka mara 3 au 4 shuka zikiwa zimelowa jasho. Mji wa mimba anao. BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 31, yaani uzito mkubwa, shinikizo la damu 134/84. Tangu ujana ana kipandauso cha aina ile inayotanguliwa na vimulimuli machoni kwa dakika 20 hivi. Tezi yake ya thairoidi ni dhaifu, anameza levothairoksini maikrogramu 100 kila asubuhi, na TSH ya mwisho (kipimo cha damu kinachopanda homoni ya thairoidi isipotosha) ilikuwa 2.1, kiwango cha kawaida. Hajawahi kupata mgando wa damu mshipani, hajawahi kuugua saratani ya titi, na ini lake ni zima.

Hakupimwa FSH, homoni inayochochea ovari, na hilo lilikuwa sawa. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili kama hizi, maelezo yake yanatosha. FSH ya kipindi hiki hupanda na kushuka kiasi kwamba kipimo cha leo kinaweza kukanushwa na cha wiki ijayo.

Akaandikiwa kidonge kimoja cha kila siku chenye estradioli (aina ya estrojeni) miligramu 2 na norethisteroni (dawa ya kundi la projesteroni) miligramu 1, bila siku ya kupumzika.

Wiki 9 za mwanzo

Joto la ghafla lilipungua ndani ya wiki 3, na hapo hapo damu ikaanza: matone siku 2, kimya siku 4, matone tena, kisha damu kamili ya siku 9. Kipandauso kilichokuwa kikija mara moja kwa miezi miwili sasa kilikuja mara 3 katika mwezi mmoja, vimulimuli vikitangulia kila mara. Akaanza kusikia baridi, kukosa choo na kuchoka kusikoisha hata alipolala vizuri. Akaona dawa ni kali, akawa anameza siku moja na kuruka moja. Joto likarudi, na damu haikukoma.

Hapa mambo matatu tofauti yalikuwa yakitokea kwa wakati mmoja, na yangechukuliwa kwa pamoja kama “dawa imemkataa” lisingetatuliwa hata moja.

La kwanza ni ratiba. Mwenye mji wa mimba akipewa estrojeni hupewa pamoja na projesteroni, au dawa ya kundi lake iliyotengenezwa maabara, kwa njia mojawapo ya mbili. Njia ya mzunguko humpa estrojeni kila siku na projesteroni siku 12 hadi 14 za kila mwezi, kisha damu hutoka kwa siku chache duru ya projesteroni inapoisha. Njia ya mfululizo humpa zote mbili kila siku bila kukatiza, lengo likiwa asitoke damu kabisa. Njia hii ya pili inamfaa aliyetimiza miezi 12 bila hedhi. Yeye alikuwa na miezi 5. Ovari zake zilikuwa bado zinazinduka pasipo mpangilio, na kila zikizinduka zilimwaga estrojeni yao juu ya ile ya kidonge. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukawa unasukumwa kukua kwa kiasi kinachobadilika, huku dozi ndogo isiyobadilika ya norethisteroni ikiubana. Ukuta wa namna hiyo huwa mwembamba sehemu moja na mnene sehemu nyingine, mishipa yake midogo ni dhaifu, na humeguka vipande vipande. Matone yasiyo na mpangilio ndiyo matokeo yake. Kubadili chapa ya kidonge kusingesaidia chochote.

La pili ni njia ya kuingiza estrojeni mwilini. Estradioli inayomezwa hupita kwanza kwenye ini kabla ya kufika kwingine, na ini huitikia kwa kutengeneza zaidi vitu vinavyogandisha damu. Mwenye BMI ya 31 tayari ana hatari ya mgando iliyo juu kuliko kawaida. Estrojeni inayopita kwenye ngozi kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari hiyo. Kwa kipandauso chenye vimulimuli sababu ni nyingine: kidonge hupandisha kiwango cha estrojeni kwa saa kadhaa kisha kukiacha kishuke, na ubongo wa mwenye kipandauso hauvumilii kupanda na kushuka huko. Plasta hutoa kiasi kinachokaribia kuwa kile kile mchana na usiku. Historia yake pekee ilitosha kuchagua ngozi badala ya kinywa tangu siku ya kwanza, na kukisoma kipandauso kwenye faili kisha kuandika kidonge ni jambo la kusikitisha.

La tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Estrojeni inayomezwa hulifanya ini litengeneze kwa wingi protini inayobeba homoni ya thairoidi. Homoni nyingi zaidi hushikwa na protini hiyo, inayobaki huru hupungua, na mtu mwenye tezi zima hata hajui kwa sababu tezi huongeza uzalishaji. Anayetegemea kidonge cha levothairoksini hana tezi ya kuongeza. Baridi, choo kigumu na uchovu havikuwa dalili za kukoma hedhi. TSH ilikuwa imefika 7.8.

Mabadiliko ya wiki ya 9

Kipimo cha mimba kilifanywa kwanza, kikawa hasi. Miaka 51 na ovari zinazozinduka bado ni umri wa kushika mimba, na tiba hii haizuii mimba. Shingo ya kizazi ilikaguliwa, haikuwa na tatizo. Kidonge kikaachwa, akapewa:

– plasta ya estradioli ya maikrogramu 50 kwa saa 24, inayobadilishwa mara mbili kwa wiki;
– kapsuli za projesteroni asilia, miligramu 200 usiku kwa usiku 12, duru ya kwanza ianze usiku ule ule;
– levothairoksini ile ile ya maikrogramu 100.

Kutoongeza levothairoksini kulikuwa uamuzi wa makusudi. Chanzo cha TSH kupanda kilikuwa kidonge, na kidonge kimeondoka. Kuongeza dozi siku hiyo kungemfikisha mahali ambapo miezi miwili baadaye homoni ya thairoidi imezidi na moyo unamwenda mbio. TSH ikapangiwa kurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ilirudi 2.6.

Majedwali ya kulinganisha kidonge na plasta hayakubaliani yote. Mengine yanaweka miligramu 2 za kumeza sawa na plasta ya 50, mengine yanasema miligramu 1 ndiyo inayolingana nayo. Ngozi za watu nazo hupitisha kwa viwango tofauti. Kwa hiyo 50 ilikuwa mahali pa kuanzia, na jibu lingetolewa na joto la mwili baada ya wiki 4 hadi 8.

Alielezwa pia kwamba vimulimuli vikizidi saa moja, au vikija na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, uso kupinda au ulimi kuwa mzito, asingoje miadi. Hiyo ni dharura ya kiharusi hadi ithibitike vinginevyo.

Ilivyoharibika mara ya pili

Duru ya kwanza ilienda vizuri kwa upande wa damu: siku 2 baada ya kapsuli ya 12 ilitoka, ikadumu siku 5, ikakoma. Joto lilishuka hadi mara 3 kwa siku. Lakini kila asubuhi ya zile siku 12 aliamka kichwa kizito kama aliyelewa. Alikuwa akimeza kapsuli mara tu baada ya chakula cha jioni. Chakula huongeza sana kiasi cha projesteroni kinachofyonzwa, na projesteroni ikivunjwa mwilini hutoa kitu kinachotuliza ubongo, karibu kwa jinsi dawa za usingizi zinavyofanya. Mtu anayemeza tumbo likiwa tupu, angalau saa 2 baada ya kula, tayari akiwa kitandani, hupata usingizi mzuri kwa dozi ile ile. Neno “usiku” kwenye karatasi ya dawa halikubeba yote hayo.

Kosa kubwa lilikuja na duru ya pili. Karatasi ilisema: “Projesteroni, siku ya 1 hadi ya 12.” Mama huyu aliwahi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango ujanani, na huko siku ya 1 ni siku damu inapoanza. Akangoja hedhi. Haikuja. Akaendelea kungoja.

Hapa pana mtego unaojifunga wenyewe. Katika ratiba ya mzunguko, damu huletwa na kuisha kwa duru ya projesteroni. Usipoanza projesteroni hakuna kinachoiangusha damu. Na kama unangoja damu ndipo uanze projesteroni, hutaanza kamwe. Wakati huo plasta inaendelea kutoa estrojeni kila saa na ukuta unaendelea kukua.

Juu ya hilo, plasta ilikuwa inabanduka. Aliibandika kiunoni, mahali sketi inapokaza, baada ya kuoga na kujipaka mafuta. Siku ya tatu pembe zilikuwa zimeinuka, na joto lilirudi kila siku ya mwisho kabla ya kubadilisha. Akaamua plasta moja haitoshi, akabandika 2. Sasa alikuwa kwenye maikrogramu 100 bila projesteroni yoyote.

Wiki ya 22 damu ilitoka kwa nguvu, yenye mabonge, pedi ikijaa chini ya saa 2. Duru 2 nzima za projesteroni zilikuwa zimepita bila kumezwa. Altrasaundi ya ndani ilionyesha ukuta wa milimita 12, na hemoglobini ilikuwa 10.4, yaani damu imepungua.

Kwa nini hakurudishiwa tu kapsuli akaambiwa aende nyumbani

Maelezo ya damu yalikuwa wazi: estrojeni bila projesteroni. Kishawishi cha kuishia hapo ni kikubwa. Lakini maelezo mazuri hayaoni seli. Katika utafiti wa PEPI uliofanyika Marekani na kudumu miaka 3, miongoni mwa wanawake wenye mji wa mimba waliopewa estrojeni peke yake, karibu asilimia 62 walipata unene usio wa kawaida wa ukuta, na kwa karibu asilimia 12 unene huo ulikuwa wa aina yenye seli zilizobadilika sura, aina inayoelekea kwenye saratani. Waliopewa na projesteroni walikuwa sawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wiki chache bila projesteroni hazilingani na miaka 3, ila mama huyu alikuwa na uzito mkubwa pia, na mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni yake. Mwaka mzima wa hedhi zisizo na mpangilio nao ulikuwa na maana yake: mara nyingi yai halikutoka, na yai lisipotoka mwili hautoi projesteroni ya kutosha. Mji wa mimba ule ulikuwa umekaa na estrojeni isiyo na mwenzake kwa muda mrefu kuliko zile wiki chache za kwenye faili.

Kwa anayetumia ratiba ya mzunguko akatokwa na damu isiyotarajiwa, mwongozo wa Uingereza wa 2024 unaweka milimita 7 kuwa kikomo. Kwa anayetumia ratiba ya mfululizo kikomo ni 4. Milimita 12 ilivuka kote. Kipande cha ukuta kilichukuliwa kwa biopsi, na jibu likawa ukuta uliokuzwa na estrojeni, bila unene wa hatari, bila seli zilizobadilika.

Hapo ndipo ilipokuwa salama kuendelea. Plasta ya pili iliondolewa siku ile ile. Projesteroni ilianza usiku huo, na akaambiwa mapema kwamba damu itakayofuata duru hii itakuwa nzito kuliko kawaida, kwa kuwa ukuta wote uliojengeka utashuka. Anayekosa onyo hilo huacha dawa kwa hofu na kurudi mwanzo. Vidonge vya madini ya chuma viliongezwa kwa miezi 3.

Ratiba ilivyoandikwa upya

Maneno “siku ya 1” yalifutwa kabisa. Badala yake: kapsuli kila tarehe 1 hadi tarehe 12 za mwezi wa kalenda, damu itoke au isitoke, iwe imekwisha au inaendelea. Damu haina mamlaka juu ya ratiba. Kengele ya simu iliwekwa saa 4 usiku kwa tarehe hizo. Akisahau usiku mmoja, asimeze 2 kesho yake. Ameze 1 na asogeze mwisho kwa siku moja ili 12 zitimie.

Wapo wanaotumia mzunguko wa siku 28, estrojeni kila siku na projesteroni kwa siku 14 za mwisho, na unafanya kazi vizuri. Ila kwa aliyekwishapotea kwenye hesabu, tarehe za mwezi ni rahisi kuliko kuhesabu siku 28 ambazo kila mara huangukia mahali papya.

Plasta: Jumatatu asubuhi na Alhamisi jioni, ili kila moja ikae siku 3 na nusu. Mahali ni sehemu ya juu ya tako au nyonga, chini ya mstari wa mkanda, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe kavu, baridi, haijapakwa mafuta wala losheni siku hiyo. Ikandamizwe kwa kiganja sekunde 10, hasa pembeni. Upande ubadilishwe kila mara, na sehemu ile ile isirudiwe ndani ya wiki moja. Ikibanduka yote, abandike mpya lakini siku ya kubadilisha ibaki ile ile. Ngozi ingekataa gundi, angehamia jeli ya asilimia 0.06: pampu moja hutoa miligramu 0.75 za estradioli, na pampu 2 kwa siku ndizo zinazokaribia plasta ya 50. Jeli ina masharti yake: ikauke kama dakika 5, isioshwe kwa saa 1, na mtoto asishikane na ngozi hiyo kwa saa hiyo 1.

Dozi ilibaki 50. Uamuzi huu una uzito zaidi ya unavyoonekana. Hakuna aliyekuwa anajua kama 50 haitoshi, kwa sababu hakuwahi kupata 50. Alikuwa anapata 50 kwa siku 2 na kitu kisichojulikana kwa siku ya 3. Kupandisha dozi juu ya plasta inayobanduka ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Baada ya wiki 6 za plasta iliyoshika vizuri, joto lilikuwa mara 1 au 2 kwa siku, na usiku analala moja kwa moja. 75 haikuhitajika. Kama ingehitajika, ingepandishwa kwa hatua moja na kusubiriwa wiki nyingine 6 hadi 8. Na kama angefika 100, projesteroni nayo ingepandishwa hadi miligramu 300 kwenye duru ya mzunguko, maana dozi inayotosha kuutuliza ukuta unaolishwa na 50 huenda isitoshe ukuta unaolishwa na 100. Kiwango cha estradioli kwenye damu hakikupimwa. Kipimo hicho kina faida pale dozi ya juu inapotumika kwa usahihi na dalili hazipungui.

Alipewa pia chaguo la kitanzi chenye levonogestreli miligramu 52. Kinalinda ukuta wa mji wa mimba kwa miaka 5, kinazuia mimba, na kinaondoa kabisa hesabu ya siku 12. Kwa mtu ambaye kalenda imemshinda mara moja, hilo ndilo chaguo bora kimatibabu, na lilisemwa hivyo. Alichagua kapsuli kwa sababu zilimsaidia kulala. Ni sababu halali. Hivyo akatumia kondomu, na akaelezwa kwamba damu ya ratiba si hedhi, haiwezi kumwambia kama ovari zimenyamaza. Wengi huendelea kujikinga hadi miaka 55.

Swali lake kubwa halikuwa la ratiba, lilikuwa saratani ya titi. Alijibiwa kwa namba. Utafiti wa WHI wa Marekani, uliochapishwa 2002, ulionyesha wagonjwa 8 zaidi wa saratani ya titi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka kwa waliotumia estrojeni na medroksiprojesteroni (dawa ya kundi la projesteroni iliyotengenezwa maabara) za kumeza. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na dawa zenyewe si zile anazotumia yeye. Hatari haipotei kwa hayo, na hukua kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka, ndiyo maana picha ya matiti na mapitio ya dawa ni ya kila mwaka. Aliyeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 ya kukoma hedhi, akiwa na dalili nzito, kwa kawaida faida humzidia hatari.

Mwezi wa 12

Duru 7 mfululizo zimemezwa zote. Damu hutoka tarehe 13 au 14, siku 3 hadi 4, na duru 2 za karibuni zilikuwa matone tu. Kipandauso kimerudi kwenye kiwango cha zamani. Hemoglobini 12.6, TSH 2.4. Altrasaundi iliyofanywa siku chache baada ya damu kukoma ilionyesha milimita 4.

Amelalamikia ukavu wa uke, ambao plasta haijautosha. Ameongezewa kidonge cha uke cha estradioli maikrogramu 10, kila usiku kwa wiki 2, kisha mara mbili kwa wiki. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno kiasi kwamba projesteroni haiongezwi kwa ajili yake.

Kuhamia ratiba ya mfululizo kumepangwa mwezi wa 18, damu ikiendelea kuwa nyepesi au ikipotea. Siku damu ya duru ya mwisho itakapokoma ataanza kapsuli moja ya miligramu 100 kila usiku bila kukatiza, plasta ikibaki 50. Matone ndani ya miezi 3 hadi 6 ya kwanza yatavumiliwa na kuandikwa kwenye kalenda. Yakipita miezi 6, au damu ikianza upya baada ya kimya, atarudi kupimwa, na safari hiyo kikomo cha ukuta kitakuwa milimita 4.